Pulp, kahawa ya mzee na sapu zangu mbili

Wadau, najua nimepotea. Wiki tatu bila kuandika kitu hapa kijiweni si kawaida yangu, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama niko hai. Niko hai. Matokeo ya sapu yalitoka Jumatatu. Nilikuwa nazo tatu. Moja imetoka, mbili zimegoma. Kwa hiyo Novemba, wenzangu niliofika nao hapa wakiwa wanapiga picha na majoho, mimi nitakuwa kwenye foleni ya kujisajili tena mwaka wa tatu. Nyumbani bado sijasema. Mzee anajua nimemaliza.

Jumatatu hiyo nilirudi rumu, nikajifunika shuka, nikasikiliza Pulp mpaka usiku wa manane. Wengi wenu hamuwajui na sishangai. Ni bendi ya Waingereza kutoka Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, wale wa roki inayoitwa indie, yaani muziki uliozaliwa kwenye lebo ndogondogo za watu binafsi, mbali na makampuni makubwa. Mimi nilikutana nao kwenye gari la mjomba. Mjomba anaendesha watalii, na mgeni mmoja alisahau CD yao ya Different Class kwenye Land Cruiser. Redio ya gari lile ilikuwa haishiki stesheni hata moja, basi kutoka Moshi mpaka Arusha ni hao hao, kwenda na kurudi. Nilikuwa kidato cha pili. Nilidhani muimbaji ana pumu, maana kila akimaliza mstari lazima aheme. Mjomba alikuwa anasema, "Huyu mzungu anaimba kama mtu anayesema siri za jirani." Mpaka leo sijasoma maelezo yanayomfaa zaidi Jarvis Cocker.

Sasa sikilizeni kilichonifunga kwao moja kwa moja. Mwaka 1978, Jarvis akiwa na miaka 15, yeye na rafiki yake Peter Dalton walianzisha bendi shuleni. Jina walilitoa wapi? Darasa la uchumi! Walikuwa wanafundishwa habari za bidhaa zinazouzwa kwenye soko la dunia, wakaona jina la kahawa ya arabika, wakalichezea likawa Arabacus. Pulp wakalichukua kwenye filamu ya Michael Caine. Arabacus Pulp. Baadaye wakaona ni refu, wakabaki na Pulp tu.

Mimi nasoma uchumi. Baba yangu analima arabika huko mlimani. Na kwetu ukisema "pulp" mtoto yeyote anakuonyesha yale maganda mekundu yanayoteleza, yanayotoka kwenye mashine ya mkono tunapomenya kahawa, yakikaa siku mbili yanachacha na harufu inafika barabarani. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kama chizi. Vijana wa Sheffield walijipa jina la maganda ya baba yangu bila kujua.

Basi bwana, vijana wakaendelea. Jarvis Jumamosi alikuwa anafanya kibarua kwa muuza samaki sokoni, anasugua kaa. Mwaka 1981 alimvizia John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1 ambaye bendi zote changa za Uingereza zilikuwa zinamwota, akamkabidhi kaseti mkononi. Peel akaisikiliza, akawaita studio. Novemba 1981 wakarekodi kipindi chake. Jarvis ana miaka 18, watoto wa shule wanasikika nchi nzima! Wewe ungefikiri nini? Ungefikiri umeshatoka. Hata yeye alifikiri hivyo. Alikuwa na nafasi ya chuo, akaiahirisha ili angojee umaarufu.

Umaarufu haukuja. Wenzake wakaona ngoja tukasome, wakaenda vyuoni, bendi ikasambaratika. Albamu ya kwanza, It, ikatoka 1983 na hakuna aliyeinunua wa kutosha kuzungumzwa. Akatafuta watu wengine: Russell Senior na violini yake, kisha dada Candida Doyle kwenye kinanda, ambaye tangu akiwa binti mdogo ana ugonjwa wa baridi yabisi kwenye viungo na bado anapiga. Halafu mpiga ngoma Nick Banks. Wapenzi wa soka tulieni hapo: huyu ni mpwa wake Gordon Banks, kipa wa Uingereza ya 1966, yule aliyepangua kichwa cha Pelé mwaka 1970.

Walikuwa wanaishi kwa posho ya serikali ya watu wasio na kazi. Sisi wa bumu tunaelewa maisha hayo: wiki ya kwanza chipsi kuku, wiki ya tatu maharage ya kukopa. Jarvis alikuwa amepanga kwenye jengo lililokuwa kiwanda. Novemba 1985 akataka kumfurahisha msichana kwa kuning'inia nje ya dirisha. Mikono ikachoka. Akaanguka, akavunjika nyonga, mguu na kifundo cha mkono. Kwa muda akawa anapanda jukwaani kwenye kiti cha magurudumu. Watu wengine wakamwona anajitafutia huruma.

Niliwahi kupiga hesabu nyuma ya desa la ekonometriksi (labda ndiyo maana nimefeli). Kutoka ule usiku wa John Peel wa 1981 mpaka Peel alipowaita tena mwaka 1993, ni miaka 12. Miaka 12! Albamu ya Freaks ilitoka 1987, kimya. Separations waliirekodi 1989, lebo ikaikalia mpaka 1992. Katikati hapo, 1988, Jarvis akiwa anatimiza miaka 25, akafanya kitu ambacho mimi nakipenda kuliko nyimbo zote: akafunga mizigo akaenda London kusoma. Filamu, pale Saint Martins. Akaanza mwaka wa kwanza na watoto wa miaka 18 na 19, yeye akiwa mzee wa bendi iliyoshindwa.

Na hapo ndipo utamu ulipokuwa umejificha. Huko chuoni alikutana na binti kutoka Ugiriki, mtoto wa watu wenye nazo, ambaye alimwambia anatamani kuishi kama watu wa kawaida wa uswahilini. Lile neno likamkaa rohoni miaka. Baadaye akanunua kinanda kidogo cha Casio, cha mtumba, akakitolea wimbo: "Common People". Ukiusikiliza mara ya kwanza utadhani ni wa kuchezea disko. Ukiusikiliza vizuri ni hasira tupu: wewe dada unakuja kutalii umaskini, ukichoka utampigia baba simu, na sisi tutabaki hapa. Hapa chuoni nawajua watu wawili watatu wanaopaswa kutafsiriwa wimbo huo, lakini tuyaache.

Ulitoka Mei 1995 ukafika namba mbili Uingereza. Namba moja ilishikwa na Robson & Jerome, waigizaji wawili wa tamthilia ya televisheni waliorudia nyimbo za zamani za mapenzi. Dunia hii! Mwezi uliofuata tamasha la Glastonbury likakosa kinara: The Stone Roses walijitoa kwa sababu mpiga gitaa wao, John Squire, alianguka na baiskeli akavunjika mfupa wa bega. Pulp wakaitwa zikiwa zimebaki siku chache. Tarehe 24 Juni 1995 Jarvis akasimama mbele ya bahari ya watu, ana miaka 31, na watu wakaimba naye kila neno. Different Class ikatoka Oktoba ikaenda namba moja, mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Mercury.

Rumeti wangu hapo ndipo anapoingilia. Yeye ni mtu wa Michael Jackson, wa kufa na kuzikana. Mama yake mpaka leo anasimulia Michael alivyokuja Tanzania mwaka 1992. Na Jarvis ndiye yule mtu ambaye Februari 1996, kwenye tuzo za Brit, Michael akiwa kati ya watoto anaimba "Earth Song" kama vile masihi, alivamia jukwaa akabinulia ukumbi makalio. Polisi walimhoji, hakushtakiwa. Rumeti hajamsamehe. Akisikia Pulp anatoka nje.

Lakini Jumatatu hakutoka. Aliona hali yangu. Nikamweleza hadithi yote, miaka 12, chuo saa mbaya, ushindi mwishoni. Nilikuwa naitumia kama dawa. Akanisikiliza, kisha akaniuliza: "Kaka, na wale wa mwanzo walioondoka kwenda vyuoni? Walikosea?"

Nikakosa jibu. Kusema kweli sikuwahi kuwafikiria. Walipiga studio za BBC wakiwa wanafunzi, kisha wakaenda kusoma, wakawa watu na kazi zao. Hakuna anayeandika habari zao na huenda wamelala vizuri zaidi. "Na bendi ngapi," akaendelea, "zilingoja miaka 12, zikangoja na ya 13, na hakuna mtu aliyezijua?" Nikamwambia azime taa.

Tena hata kwa Jarvis, kupata hakukuwa dawa. Russell Senior aliondoka Januari 1997, miezi michache tu baada ya tuzo. Albamu iliyofuata, This Is Hardcore ya 1998, ni nzito na ina huzuni ya mtu aliyefika kwenye sherehe akakuta chakula kimepoa. Ilikwenda namba moja, lakini wengi waliotaka kucheza waliachana nao hapo. Wakatoa We Love Life mwaka 2001, wakapumzika muda mrefu, wakarudi kupiga maonyesho 2011, wakapotea tena. Walipotangaza kurudi tena kwa ajili ya 2023, Steve Mackey, mpiga besi aliyekuwa nao tangu 1989, alikuwa amesema hataungana nao safari hii. Machi 2023 akafariki. Albamu mpya, More, ilitoka Juni 2025 na wameitoa kwa kumbukumbu yake. Ikaenda namba moja. Jarvis alikuwa na miaka 61. Mwisho wa mwezi huo huo wakapanda tena jukwaa kubwa la Glastonbury, kwenye ratiba wakiwa wamejiandika Patchwork, miaka 30 tangu ile siku.

Nimeangalia video ya onyesho hilo mara nyingi kuliko nilivyofungua desa. Mzee mwembamba mwenye miwani, mikono inapepea. Nyuma yake Nick Banks na Candida, na mtu mwingine kwenye besi.

Usiku nilikuwa nimepanga kumpigia mzee nimwambie hadithi hii kwanza, kisha sapu, ili sapu zipite kirahisi. Rumeti kaniharibia. Ukweli ni kwamba Jarvis alikuwa anajilipia ujinga wake kwa posho ya serikali yake, na mimi wa kwangu unalipiwa na mibuni. Mkopo wangu haufiki mwaka wa kurudia. Ada itatoka kwenye yale magunia, na msimu huu dada naye anaingia kidato cha tano.

Kwa hiyo nitaanza na sapu. Habari za kahawa ya arabika na vijana wa darasa la uchumi nitamwambia siku nyingine, akiwa amepoa; najua atacheka.

Mzee hurudi kutoka shamba saa kumi na mbili. Sasa hivi ni saa kumi na moja na nusu. Salio ninalo.