Siku Mbili za Kipupwe Rusizi

Ahadi ile ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya kumi. Sajini mmoja wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mkazi wa Ngara, aliitoa kwa simu akiwa Goma, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Alimwambia mkewe kwamba Ziwa Kivu, alilokuwa akiliona kila asubuhi, halifai kutazamwa na mtu aliyebeba bunduki, na kwamba siku moja watakwenda wote wawili kulitazama mikono mitupu. Kisha akarejea nyumbani. Watoto wakazaliwa, nyumba ikaezekwa, migomba ikadai jembe. Mkewe hakuikumbusha ahadi hiyo, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba mumewe hapendi kuzungumza juu ya mwaka ule.

Hatimaye, katika kipupwe, likizo zao zikakutana. Sajini alipata karatasi yake ya ruhusa. Mkewe, muuguzi mzaliwa wa Kigoma, akabadilishana zamu na mwenziwe. Bibi akachukua watoto. Katika mkoba mmoja waliweka darubini kuukuu, daftari la shule, sweta mbili na khanga. Walivuka Daraja la Rusumo, wakarudisha saa zao nyuma kwa saa moja kama iwapasavyo waingiao Rwanda, wakalala Kigali, na kesho yake, Ijumaa, wakapanda basi la Rusizi kwa njia ya Huye. Safari hiyo huchukua muda wa saa sita hivi, na sehemu yake kubwa ni kona.

Wilaya ya Rusizi ilipata jina hilo mwaka 2006, Rwanda ilipopanga upya mikoa yake. Kabla ya hapo watu walisema Cyangugu tu, na wengi wangali wanasema hivyo. Mji wenyewe una ghorofa mbili, kwa namna ya kusema. Juu mlimani ni Kamembe, penye soko, maduka na kituo cha mabasi. Chini, majini, ni Cyangugu ya zamani, ambapo Mto Rusizi unatoka ziwani na kuitenganisha Rwanda na Kongo. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, karibu kiasi kwamba madirisha ya nyumba huonekana kwa macho. Kiswahili ni lugha ya soko pande zote mbili, ingawa si kile cha Ngara. Mama muuza samaki alipowaambia, "Iko ya leo, mama, chukua!" yule muuguzi alicheka mpaka akanunua mara mbili.

Alichonunua ni sambaza, visamaki vyembamba vya rangi ya fedha. Alimtazama mmoja, akamgeuza, akamwambia mumewe, "Baba watoto, huyu ni lumbu. Huyu ni wa kwetu." Na kwa hakika hakukosea. Zamani Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa aina hii katika maji yake ya katikati. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa serikali ya Kibelgiji walichukua vifaranga vya dagaa kutoka Ziwa Tanganyika wakavimwaga Kivu. Katika aina mbili za dagaa wa Tanganyika ni lumbu peke yake aliyeshika makazi, na leo ndiye kitoweo cha maelfu ya nyumba katika kando zote za ziwa. Huoshwa, huchujwa maji, hutiwa chumvi, hukaangwa katika mafuta yenye moto mkali mpaka wakauke, kisha hukamuliwa ndimu na kuliwa wazima, kichwa na mkia, kwa pilipili na ndizi za kukaanga. Mpishi asiwarundike wengi katika karai moja, watalegea.

Jumamosi waliamka kabla ya jua. Kivu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,460, na asubuhi ya kipupwe hapo hudai sweta. Kiangazi kilikuwa kimetia utusitusi angani hata vilima vya Kongo vikaonekana kama vimechorwa kwa mkaa. Wako watu wanaodhani kwamba kutazama ndege ni kazi ya wageni wenye kofia pana na fedha nyingi. Si kweli. Panatakiwa subira na mahali pa kuketi, na askari aliyewahi kulinda lindo usiku amefundishwa yote mawili kwa gharama ya serikali.

Wa kwanza kuandikwa daftarini alikuwa mdiria, yule mwenye madoa meusi na meupe. Alisimama hewani juu ya maji huku mabawa yakitetemeka na kichwa kimetulia tuli, akaanguka kama jiwe, akaibuka na kisamaki. Wengi wa jamaa zake hulazimika kurudi kwenye tawi ili kumeza; huyu aweza kumeza mawindo madogo papo hapo angani. Wakafuata mnandi waliotandaza mabawa kukausha manyoya, yangeyange, mwewe, na kwarara watatu waliopita wakipiga kelele kama watu wanaogombania nauli. Chini ya mkaratusi palikuwa na fundichuma, na juu ya mti wa jirani kiota chake, lundo la vijiti lenye upana wa zaidi ya mita moja na mlango wa pembeni. Kiota hicho ni imara hata chaweza kubeba uzito wa mtu. Wazee wa makabila mengi ya Afrika Mashariki huonya mtoto asikiguse, na fundichuma amenufaika sana na onyo hilo.

Mbayuwayu wa Ulaya hawakuwapo, wala keremkerem wa huko. Hao huja kwetu kukimbia baridi ya kwao, kuanzia miezi ya Septemba na Oktoba, na huondoka kabla kipupwe chetu hakijaingia.

Mchana walipanda mtumbwi wa injini kuelekea upande wa kisiwa cha Nkombo. Kivu haina mamba, na watoto huogelea humo pasipo mtu wa kuwalinda. Sajini alitazama kaskazini kwa muda mrefu. Goma iko ncha ya pili ya ziwa, kilomita zipatazo 90 kutoka hapo, na haionekani hata kwa darubini. Mkewe alimwuliza amemwona ndege gani. Akajibu kuwa hajamwona yeyote.

Usiku hakupata usingizi. Alitoka akaketi ukingoni, naye mkewe akamfuata na khanga mabegani. Ziwani palikuwa na safu ya taa. Ni wavuvi wa sambaza, ambao huunganisha mitumbwi mitatu mitatu kwa miti mirefu, wakashusha wavu katikati, wakawasha taa ili samaki wapande. Walikuwa wakiimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Kwa yeyote mwingine mandhari hiyo ni burudani tupu. Lakini kwa mtu aliyekesha katika vilima vya Kibati mwezi Agosti 2013, ambako ofisa wa Tanzania alipoteza maisha, taa gizani ni jambo la kuhesabiwa. Naye alikuwa akizihesabu. Mkewe aligundua kwa kuangalia midomo yake.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Arobaini na mbili."

"Zote za sambaza, baba watoto."

Ndipo alipoanza kusema. Alisema mpaka nyimbo zikakoma na taa zikaanza kurudi pwani moja moja. Aliyoyasema ni yao wawili.

Jumapili waliondoka mapema. Barabara hupita ndani ya Msitu wa Nyungwe, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Ndege wake wanapita aina 300. Kutembea humo ndani hulipiwa, na mfuko wa sajini una mipaka yake; basi waliuona kwa dirisha. Kima wenye ndevu nyeupe walikaa kandokando ya lami kama wanaosubiri gari. Kwenye kona moja shorobo aliruka mbele ya basi, mwili wa kijani, na alipofungua mabawa ukatokea wekundu ambao, wasemavyo wataalamu, una madini ya shaba ndani yake. Muuguzi alipiga kelele, abiria wakageuka.

Juu kabisa ya mgongo wa milima maji hugawanyika. Mvua inyeshayo magharibi huishia Kivu, ikashuka na Mto Rusizi hadi Tanganyika, ziwa la Kigoma. Ile ya mashariki huingia Nyabarongo, kisha Akagera, ikapita chini ya daraja la Rusumo, jirani na Ngara, kuelekea Viktoria na Naili. Mke alimwonyesha mumewe kwa kidole, huku na huku: kwetu, na kwenu.

Jioni ya siku iliyofuata, wakingoja gari upande wa Tanzania, walifungua daftari. Palikuwa na ndege thelathini na mmoja, na tisa kati yao hawakuwa na majina, ila maelezo tu: "mdogo, tumbo la manjano, hatulii." Sajini aliomba kalamu, akaandika chini yao: "Hawa tuwaulize mwakani."