Madiwani Wanne wa Kata Moja

Neno diwani lilitoka Uajemi, likapitia Uarabuni, likiwa na maana ya daftari la serikali na baraza la watawala, kisha likawa pia jina la kitabu kinachokusanya tungo za mshairi. Kiswahili kimeyapokea yote. Tunayo Diwani ya Shaaban, na tunaye diwani wa kata. Nililifundisha hilo kwa miaka mingi, nisitarajie kulitafakari upya katika Nyanda za Juu za Uskoti, penseli mkononi, mbele ya karatasi ya kura.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 5 Mei 2022. Ninaishi kwa binti yangu, katika kata iitwayo Wester Ross, Strathpeffer and Lochalsh. Ina majina matatu kwa kuwa hakuna mahali pamoja pawezapo kuibeba yote: yaanzia mashariki, ikavuka milima, ikaishia kwenye ghuba nyembamba za Atlantiki. Baraza lao, la Highland, lina madiwani 74 na makao yake yapo Inverness. Kata yetu peke yake huchagua wanne. Baadhi ya wanaogombea vijijini huko hawana chama chochote, jambo ambalo sheria zetu za Tanzania haziruhusu.

Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kukaa huchagua madiwani pamoja na wenyeji. Sheria ya mwaka 2020 ikawaongeza wageni wa mataifa mengine. Hata kijana wa miaka 16 hupiga kura. Hakukuwa na wino wa kidoleni.

Nilimsimulia kwa simu mwalimu mwenzangu mstaafu aliyeko Morogoro. Nikamwambia kwamba mpiga kura haweki alama ya vema. Huandika 1, 2, 3, kwa kufuata upendeleo wake. Akacheka. "Mwalimu, na huko pia kuna upendeleo?" Alikuwa na haki ya kucheka. Neno hilo kwetu limekwisha kuchafuka kwa ajira za kindugu. Nikalibadili: chaguo la kwanza, chaguo la pili.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Tuseme kura halali ni 5,000 na viti ni vinne. Gawanya kwa tano, ongeza moja: anayefikisha 1,001 amepata kiti. Akizidisha, ziada yake huhamia kwa machaguo yanayofuata kwa thamani ya sehemu. Asiposalia mwenye ziada, wa mwisho huondolewa, nazo kura zake huhama. Mgombea wako akianguka, kura yako haizikwi pamoja naye. Kura, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kupiga bahati nasibu. Sijui kama kuna mfumo ulio mbali zaidi na asili hiyo, ingawa bahati haikosekani: majina hupangwa kwa alfabeti, na imeonekana kuwa wagombea wa chama kimoja hupishana kura kwa sababu tu mmoja ametangulia kwenye orodha.

Mimi niliwapanga kwa swali moja. Mjukuu wangu alikuwa darasa la nne, katika shule ambayo wanafunzi wake wote hawakufika ishirini. Niliyezoea kufundisha themanini katika chumba kimoja, mwanzoni niliona ni anasa. Kisha nikaona mwalimu akimsikiliza kila mtoto akisoma, kila siku, na nikaona kuwa duka na ukumbi wa kijiji vinategemea wazazi wanaokuja kuchukua watoto. Sheria ya mwaka 2010 inalitaka baraza kuwasikiliza wazazi na kupima njia nyingine kabla ya kufunga shule ya kijijini. Kusikilizwa, lakini, si kukubaliwa. Ndiyo maana nilitaka kujua watakaokaa Inverness wanasema nini. Nilisoma vipeperushi vyote. Wawili waliitaja shule ndogo kwa maneno yenye uzito. Mmoja aliitaja kwa maneno matamu tu, nikampa namba 6. Namba 1 itabaki siri yangu na penseli ile.

Uchaguzi ujao ni Mei 2027. Mjukuu wangu atakuwa amekwisha kuhamia sekondari. Mdogo wake ndiye atakayekuwa akisoma pale, kama mlango utakuwa wazi.