Nilisahau Maji

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sababu ni programu fupi ya mistari 40 tu, niliyoiandika mwenyewe, ambayo nusura imalize akiba ya chama cha mama yangu.

Kwetu ni Emali, pale barabara ya Nairobi–Mombasa inapokutana na ile ya Loitokitok. Mafuta ya mimea si habari ngeni huku. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu katika kaunti yetu ya Makueni. Kwa hiyo bwana mmoja alipokuja kwenye chama akiuza wazo la bwawa la mwani wa kutengeneza dizeli, akina mama hawakumcheka. Mama alinipigia simu: "Wewe ndiye uliyesomea kompyuta. Tupigie hesabu."

Mwani ninaousema si ule unaolimwa baharini kule Zanzibar. Ni vijimea vidogo mno, kama vile vinavyogeuza maji ya tangi lisilo na kifuniko kuwa kijani. Huishi kwa jua, kaboni dioksidi na mbolea, na baadhi yake hujaa mafuta mwilini. Marekani iliutafiti kwa ajili ya mafuta tangu 1978 hadi 1996.

Basi nikaandika programu yangu: ukubwa wa bwawa, mara mavuno kwa siku, mara asilimia ya mafuta. Majibu yakawa matamu. Kwa eneo lile lile, mwani uliishinda mimea ya mbegu. Nikamtumia mama ujumbe: inafaa.

Mama akajibu kwa swali moja: "Hayo maji atayachota nani?"

Nikaifungua programu tena. Mstari wa saba ulisema: maji = 0. Pembeni nilikuwa nimeandika "nitajaza baadaye". Mtoto wa Emali, niliyekua nikisukuma mkokoteni wa mitungi, nimeandika sifuri!

Nikaanza upya. Chukua robo ekari, yaani mita mraba 1,000. Jua likikausha milimita 5 tu kwa siku, lita 5,000 zimepotea. Hiyo ni mitungi 250 ya lita 20, kila siku. Bwawa hilo likitoa gramu 10 za mwani mkavu kwa kila mita mraba, una kilo 10. Mafuta yakiwa asilimia 20, una kilo 2, yaani lita mbili na kidogo. Mitungi 250 kwa lita mbili za mafuta!

Uvunaji ndio ulionimaliza kabisa. Katika bwawa la wazi, lita moja ya maji inaweza kuwa na nusu gramu tu ya mwani. Kupata kilo 10 unachuja lita 20,000, kisha unakamua maji yaliyobaki kwa mashine, kisha unakausha. Mashine hizo zinakula umeme au dizeli, na dizeli ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Halafu kuna mbolea: kwa hesabu yangu, mfuko mmoja wa kilo 50 wa CAN kila siku 18 hivi. Maji yaliyochujwa unaweza kuyarudisha bwawani, lakini chumvi inazidi kujikusanya, na siku moja lazima uyamwage. Huku kwetu ukimwaga kwenye korongo, yanashuka hadi kwenye bwawa la mchanga ambako watu wanachota maji ya kunywa.

Sikuwa wa kwanza kuligundua hili. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilisema kwamba mafuta ya mwani yanayolingana na lita moja ya petroli yanaweza kutumia maji baridi kuanzia lita 3 hadi 3,650, kutegemea mbinu. ExxonMobil waliingia kwenye mwani mwaka 2009, na kufikia 2023 walikuwa wamejitoa.

Mama alikuwa na sababu ya kuuliza. Nikiwa mdogo, alipanda jatrofa baada ya kuahidiwa soko. Mwaka 2009 ripoti ya watafiti, ikiwemo Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, ilionya kuwa mavuno ya jatrofa kwa wakulima wadogo ni duni mno, na kwamba inafaa kupandwa kama ua tu. Ua huo bado uko nyumbani, na mbuzi hawaugusi.

Jumapili nilisimama mbele ya chama nikaomba radhi. Wanachama wawili walikuwa wameshatoa shilingi 5,000 kila mmoja kwa sababu ya ujumbe wangu. Mmoja hajanisalimia mpaka leo, na sina la kumlaumu.

Sisemi mwani haufai popote. Palipo na maji taka yanayohitaji kusafishwa, au maji ya chumvi yasiyonyweka, hesabu inaweza kubadilika. Lakini si kwa maji ya mtungi.

Programu bado ninayo. Nimeongeza sharti moja: usipoiambia maji yatatoka wapi, haitoi jibu lolote. Pesa za wale wawili nitazilipa mwisho wa mwezi.

Tuonane tena, panapo majaliwa.