Agosti Ndiyo Inayoamua

Nimekusanya saini Florida kwa miaka mingi ili kura za mchujo zifunguliwe kwa wapiga kura wote, na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: asiye na chama anatafuta nini katika mambo ya chama? Mchujo huo unalipiwa kwa kodi zetu sote na kuendeshwa na ofisi za uchaguzi za kaunti. Katika maeneo yenye chama kimoja chenye nguvu, atakayekwenda bungeni Tallahassee hujulikana katika mchujo wa Agosti. Uchaguzi mkuu wa Novemba ni wa kukamilisha tu.

Wapiga kura wasio na chama Florida wamepita milioni 3. Wahamiaji wengi tumo humo, kwa sababu ukijiandikisha na kuacha wazi sehemu ya chama, unahesabiwa huna chama. Mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, raia mpya, alinionyesha karatasi ya kura ya mchujo aliyotumiwa kwa posta. Ilikuwa na majaji na bodi ya shule, basi.

"Mwanangu, na mbunge wetu yuko wapi hapa?"

Nikamweleza kwamba angetakiwa awe amejiandikisha chamani siku 29 kabla ya mchujo. Akaikunja ile karatasi. "Kwa hiyo mpaka niingie chama cha watu ndipo nimchague mwakilishi wangu?"

Nilikulia Kenya. Mwaka 1988 chama tawala, KANU, kilichuja wagombea kwa mlolongo: wanachama walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea wao, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Florida haina vitisho vile, wala sitaki kuyalinganisha mambo haya mawili. Ila tangu wakati ule, mchujo ndio ninaoutazama kwanza.

Linaloniumiza zaidi ni tundu moja la kisheria. Mwaka 1998 wananchi waliingiza katika katiba ya jimbo kifungu kizuri: wagombea wote wakiwa wa chama kimoja, na mshindi asiwe na mpinzani Novemba, mchujo huo ni wa kila mpiga kura. Lakini akitokea mtu akajiandikisha kuwa mgombea wa kuandikwa kwa mkono, anahesabiwa kuwa mpinzani, na mchujo unafungwa. Mtu huyo halipi ada ya kugombea. Jina lake halichapishwi. Panaachwa mstari mtupu. Hahitaji hata kufanya mkutano mmoja. Maelfu ya watu wanafungiwa nje kwa ajili ya mstari huo.

Mwaka 2020 tulipeleka Pendekezo la 3 kwenye kura: wagombea wote wa ugavana, baraza la mawaziri la jimbo na bunge lake wawe kwenye karatasi moja ya mchujo, wawili wa kwanza waende Novemba. Vyama vyote viwili vikubwa vilitupinga. Pingamizi lililonikosesha usingizi lilitoka kwa viongozi kadhaa Weusi, waliohofia kwamba katika majimbo yao ya uchaguzi sauti ya Weusi, yenye nguvu katika mchujo wa chama cha Democratic, ingezimwa. Hofu hiyo ina historia nzito nyuma yake. Bado naamini wapiga kura wao vijana, ambao wengi hawana chama, nao wanapoteza kwa mlango kufungwa.

Tulipata asilimia 57, kura zaidi ya milioni 5.8, nyingi kuliko alizopata Donald Trump aliyeshinda jimbo hilo siku hiyo hiyo. Tukashindwa, kwa sababu katiba inadai asilimia 60.

Kurudi kwenye kura kwa njia ya saini kumekuwa kugumu. Sheria ya 2025 inamtaka anayetia saini aandike namba ya leseni au kitambulisho chake, au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Na anayekusanya zaidi ya fomu 25 za watu wasio wa familia yake bila kujisajili na jimbo anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Ukimwomba mtu namba hizo mlangoni kwake, anarudi nyuma, na simlaumu.

Kwa hiyo sasa nawaendea wabunge. New Mexico ilifungua mchujo kwa wasio na chama mwaka 2025 kwa sheria ya bunge. Hapa ombi letu la kwanza ni dogo zaidi: mgombea wa kuandikwa kwa mkono asiweze tena kuufunga mchujo.