Lafidhi ya Kwetu

Bibi yangu alikuwa na neno lake moja: "Mjukuu wangu, mchezo hauna kiinua mgongo." Kila akisikia nimechaguliwa kwenye igizo la skuli, hulirejea mpaka usiku. Mie sikumsikia. Nyumba yetu ya Mkunazini ilikuwa na kioo kimoja kikubwa, kipo chumbani kwake. Akitoka tu kwenda maulidini, najifungia humo nakuwa Steven Kanumba.

Msomaji wa rika langu, Kanumba unamjua. Kazaliwa Shinyanga mwaka 1984, akaingia Kaole Sanaa Group ya Dar es Salaam, na sisi huku Unguja tukamzoea kwa michezo ya ITV. Halafu zikaja filamu. Mwaka 2006 akacheza Dar 2 Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria, na kwetu kijana aliyevuka mipaka kwa kuigiza tu alikuwa ajabu. Nikamwiga anavyolia, anavyotembea, mpaka anavyosema. Yeye husema "nimeshakwambia", sisi kwetu ni "n'shakwambia". Basi nikaanza kusema kibara hata mezani. Bibi akanitazama: "We mtoto, umekuwa mgeni lini humu ndani?"

Tarehe 7 Aprili 2012 habari zikafika barazani asubuhi: Kanumba kafariki usiku, ana miaka 28. Kahawa ilipoa vikombeni. Siku ya maziko televisheni ilionyesha umati usio mfano. Bibi, aliyekuwa hataki hata kusikia habari za michezo, akakaa mkekani akatazama mpaka mwisho. "Huyu kijana kapendwa," akasema. Hakuongeza neno, na neno la kiinua mgongo sikulisikia tena.

Miaka mitatu baadaye kikundi kimoja kutoka Bara kilikuja mjini kutafuta waigizaji. Nikajipanga foleni tangu saa mbili. Nilikuwa nimejifunza kilio cha Kanumba barabara, lakini woga ukanizidi, ulimi ukarudi kwao wenyewe: "N'shakwambia, sitaki!" Wakaangua kicheko. Mmoja akapangusa machozi, akanipa nafasi: muuza kahawa, maneno matatu, ya kuchekesha watu. Nikaichukua. Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni, nisikutane na mtu.

Nilikaa muda mrefu bila ya kukisogelea kioo. Kilichonirudisha ni jambo nililolijua zamani nikalipuuza. Mwaka 2009 Kanumba alialikwa katika nyumba ya Big Brother Africa, na wako Watanzania wengi waliomcheka Kiingereza chake. Walimcheka kweli kweli. Yeye akaendelea na kazi. Baada ya hapo akacheza Devil Kingdom na Ramsey Nouah, huyo huyo Mnigeria tuliyekuwa tukimshangaa kwenye mikanda. Miaka yote nilikuwa naiga sauti yake, kumbe cha kuigwa kilikuwa kile kifua cha kustahamili kuchekwa.

Halafu ikaja Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Nilipoitazama niliona vichochoro vyetu, na watu wa Unguja wakipenda, wakipigania nchi yao, wakitiwa ndani. Muuza kahawa wangu angeweza kupita mle na asichekwe na mtu.

Bibi keshatangulia mbele ya haki. Kioo kipo. Sasa tuna kikundi chetu, tunafanya mazoezi Jumamosi, malipo hakuna, nauli kila mtu yake. Juzi nilipewa sehemu ya baba anayemfukuza mwanawe. Nikasimama mbele ya kioo, nikavuta pumzi, nikasema: "N'shakwambia, sitaki."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikayarudia tena, kwa sauti, dirisha likiwa wazi.