Na yeye je?

Nilipokuwa nafundisha Ipole, kule Sikonge mkoani Tabora, nilipewa kipindi cha UKIMWI. Ipole ipo kwenye njia ya Tabora kwenda Mbeya, na wanafunzi wale walijua mengi kuliko mimi mtoto wa Unguja. Nikawaambia: subirini ndoa, mtasalimika.

Binti mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, mimi nitasubiri. Na yeye je?"

Nilikwama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaposwa, na mchumba sijamuuliza kitu. Somo wangu alinifunza singo na udi, hili hakunifunza.

Usiku nikampigia simu. Alinyamaza hata nikadhani posa ndiyo imevunjika. Kisha akasema, "Twende pamoja."

Tulipimwa likizo, tukarudia baada ya miezi mitatu, maana maambukizo mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha mwanzo. Mama alinung'unika, ukumbi ulishalipiwa. Nikaha ikasogezwa.

Niliporudi darasani nikamwambia yule binti: mpimwe wote wawili, mkapokee majibu pamoja. Akauliza, "Na akikataa?"

"Basi umeshajibiwa."