Kofia ya Chuma

"Ling'oe tu, dokta. Si la maziwa hilo?"

Maneno hayo niliyasikia tangu wiki ya kwanza ya kazi, na kwa miaka mingi niliyatii. Katika hospitali ya wilaya niliyopangiwa mkoani Tanga, siku ya meno ilikuwa siku ya koleo. Mama alifika alfajiri amebeba mtoto aliyelia usiku kucha, shavu limevimba. Nilichoma ganzi, nikang'oa, nikampa mtoto pamba aiume, nikaita anayefuata.

Haikuwa kwamba sijui kuziba. Nilisoma Muhimbili katikati ya miaka ya 1980, wakati Mholanzi Jo Frencken na wenzake walipokuwa wakijaribu hapa hapa Tanzania njia ya kutibu meno bila mashine wala umeme: unakwangua uozo kwa vijiko vidogo vya mkono, unajaza saruji, unasawazisha. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa dunia nzima, nami nikajivunia kwamba ilizaliwa kwetu. Umeme ulipokatika hospitalini, mikono yangu haikusimama. Ila njia ile hupenda tundu dogo lililo juu ya gego, na watoto wangu hawakuoza hivyo. Magego yao yalianza kuliwa pale yanapogusana, mahali ambapo jicho la mama halifiki. Ganda gumu la nje la jino la maziwa ni jembamba, kama nusu tu ya lile la jino la ukubwani, na uozo ukishalipita hukimbia. Tundu lilipoonekana, ukuta mzima ulikuwa umebomoka. Nilijaza, na baada ya miezi michache mtoto akarudi saruji imedondoka. Hapo nikashika koleo.

Mwaka 1996 nilimng'oa binti wa miaka minne magego mawili ya chini, yale ya mwisho kabisa kinywani mwake. Hakulia sana. Nilimsifu, nikamsahau. Alirudi akiwa na miaka kumi na miwili, na nilipoiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, nikaona kazi yangu. Gego la ukubwani linaloota kwenye miaka sita, nyuma ya meno ya maziwa, lilikuwa limesogea mbele likakalia nafasi iliyo wazi. Jino lililopaswa kuota pale lilikuwa limenaswa chini, limelala upande. Gego lile la maziwa lilitakiwa kumshikia nafasi hadi umri huo huo aliokuja nao. Mama yake hakunilaumu. Alinishukuru kwa jinsi nilivyombembeleza mwanawe siku ile, na shukrani zile ziliniuma kuliko lawama.

Habari za Norna Hall nilizisoma nikiwa na mvi tayari. Alikuwa daktari wa meno wa kawaida huko Scotland, aliyezoea kuwavisha watoto kofia za chuma juu ya magego yaliyooza bila kuchonga na bila sindano. Kofia zenyewe zilikuwapo tangu mwaka 1950, lakini sote tulifundishwa kuchonga kwanza. Watafiti wa mji wa Dundee, huko huko Scotland, waliijaribu njia yake kwa watoto 132 wakachapisha matokeo mwaka 2007: magego yaliyovishwa kofia yalisumbua kidogo kuliko yaliyozibwa kwa kawaida. Sababu yake ni nyepesi. Vijidudu vilivyofungiwa chini ya chuma havipati sukari, na bila sukari uozo husimama.

Mtoto wangu wa kwanza wa kofia alikuja na bibi yake.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Fungua nione."

Alikuwa na miaka mitano. Nilimpachika vipira viwili vyembamba katikati ya magego ili yaachane kidogo, nikamwambia arudi baada ya siku nne. Aliporudi nilimketisha wima, kofia isije ikateleza kooni, nikajaribu saizi moja baada ya nyingine. Niliyoichagua nikaijaza saruji, nikaibana kwa kidole.

"Sasa uma. Uma kama unavunja muwa."

Akauma. Kofia ikashuka, ikakaa. Alikunja uso kwa sababu saruji ni chungu, akaendelea kuuma hadi nilipomwambia basi. Niliisubiri kelele niliyoizoea kwa zaidi ya miaka ishirini, haikuja.

Si kila gego huvaa kofia. Linalouma lenyewe usiku, au lenye usaha kwenye fizi, limeshakufa ndani au linakaribia. Hilo utalikata kiini au utaling'oa, na kulifunika ni kumdhulumu mtoto. Nililazimika kuwa mkali kwa madaktari vijana juu ya hilo. Nililazimika pia kuwakataza wasiwagombeze akina mama kwa ajili ya chupa ya chai ya sukari ya usiku. Mama aliyetahayari harudi, na vipira vinahitaji arudi.

Yule mvulana nilikutana na bibi yake sokoni miaka sita baadaye. Nikamuuliza habari za gego. Lilikuwa limeng'oka lenyewe wiki ile, kofia ikiwa bado juu yake, na la ukubwani limechungulia. Nilitamani kuliona, nikamwomba aniletee.

"Ameshalirusha juu ya paa, dokta," akasema. "Nililisikia likigonga bati."